Sura ya Sita: Nguruwe wa Visiwa vya Auckland

Kusini mwa New Zealand, ukivuka kilomita 465 hivi za bahari yenye upepo usiotulia, kuna Visiwa vya Auckland. Binadamu ameshindwa kuvikalia. Waingereza walianzisha makazi huko mwaka 1849, na hata miaka mitatu haikutimia kabla hawajafungasha virago. Nguruwe hawakushindwa. Mabaharia walianza kuwashusha mwaka 1807, ili chombo kikivunjikia huko manusura wapate kitoweo. Chombo kikaondoka, nguruwe wakabaki. Wakazaana kizazi baada ya kizazi, wakila mizizi, mayai na makinda ya ndege wa baharini, na kila kilichotupwa ufukweni na mawimbi, mbali na mazizi yote ya dunia.

Wahifadhi wa mazingira huwaona kuwa balaa, kwa sababu wanamaliza mimea na ndege wa visiwa hivyo. Ilipoonekana kwamba mwisho wao ungekuwa kuangamizwa, chama cha New Zealand kinachohifadhi mifugo adimu kilikwenda huko mwaka 1999 kikawachukua nguruwe 17, kuokoa mbegu yao isipotee. Wakapelekwa Invercargill, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya nchi. Wakati huo walikuwa kumbukumbu ya historia tu, tena kumbukumbu inayokula sana. Damu yao ilipochunguzwa ndipo thamani yao ikageuka. Kutengwa kwa muda mrefu kulikuwa kumewakinga na maradhi mengi yaliyo ya kawaida katika mifugo ya nguruwe kwingineko, na kampuni moja ya jiji la Auckland ilikuwa ikitafuta nguruwe wa namna hiyo hasa. Ilitaka kuchukua seli za kongosho zao na kuzipandikiza katika miili ya watu wenye kisukari.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko dawa ya insulini. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering, huko Strasbourg, walimwondolea mbwa kongosho, na mbwa akapata kisukari. Kama kongosho likitoka ugonjwa unaingia, basi kongosho likirudishwa ugonjwa utatoka: hivyo ndivyo alivyowaza daktari Watson-Williams wa Bristol, Uingereza. Tarehe 20 Desemba 1893 alipachika vipande vitatu vya kongosho la kondoo chini ya ngozi ya kijana wa miaka 15 aliyekuwa anakufa kwa kisukari. Kijana alifariki baada ya siku tatu. Daktari hakuwa na njia ya kujua ni kwa nini mwili unakataa nyama ya kiumbe mwingine. Elimu hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Njia iliyofanikiwa ilikuwa fupi zaidi. Badala ya kuhamisha kiungo, Frederick Banting na Charles Best huko Toronto walikamua maji yake. Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya dawa hiyo, na baada ya mwanakemia James Collip kuisafisha vizuri, sukari ya mvulana ikashuka. Tangu hapo, kwa miaka 60, wagonjwa wa kisukari duniani waliishi kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe zilizokusanywa machinjioni. Insulini ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa kiungo kimoja tu cha protini kati ya 51. Ya ng'ombe kwa vitatu. Insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria ilianza kuuzwa mwaka 1982. Kwa hiyo anayeshtuka leo kusikia nguruwe na kisukari vikitajwa pamoja ajue kwamba bibi na babu wengi wa karne iliyopita walidungwa insulini ya mnyama huyo, wengi wao bila kuambiwa.

Mgogoro wa sura hii, basi, hauhusu insulini ya nguruwe kufaa au kutofaa. Ilifaa. Unahusu seli inayoitengeneza.

Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza ameuawa seli hizo na kinga ya mwili wake mwenyewe. Zinakaa ndani ya kongosho katika mafungu madogo ambayo Paul Langerhans, akiwa mwanafunzi wa udaktari Berlin mwaka 1869, aliyaona kwa hadubini bila kujua kazi yake. Ndiyo yanayoitwa leo vijisiwa vya Langerhans. Vyote kwa pamoja ni kama milioni moja, na uzito wao ni asilimia moja au mbili tu ya kongosho zima. Ndani ya kila kijisiwa kuna seli zinazoonja sukari ya damu dakika kwa dakika na kutoa insulini kwa kipimo chake, hazizidishi wala hazipunguzi.

Sindano haionji. Anayejidunga anakadiria: nimekula ugali kiasi gani, nitatembea umbali gani, jana usiku sukari ilikuwaje. Akikadiria chini kwa miaka mingi, macho na figo vinalipa. Akikadiria juu, sukari inaporomoka. Wengi hutetemeka na kutokwa jasho wakawahi kunywa kitu kitamu. Lakini wapo ambao baada ya miaka mingi ya ugonjwa mwili wao umeacha kutoa onyo. Mtu wa namna hiyo anaongea na wewe vizuri, kisha anaanguka. Akilala peke yake, huenda asiamke. Kwa wagonjwa hawa kupata seli zinazoonja sukari ni suala la uhai, na ndio walioitwa kwanza katika majaribio mengi ya kupandikiza.

Kwamba seli za binadamu zikipandikizwa hufanya kazi, hilo lilithibitishwa. Mwaka 2000 James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, waliripoti wagonjwa saba waliopewa vijisiwa vya watu waliofariki, kwa kuvimwaga katika mshipa unaoingia kwenye ini. Wote saba waliacha sindano. Habari ile ilizunguka dunia. Kilichofuata hakikuzunguka sana: miaka mitano baadaye, katika kundi kubwa zaidi la wagonjwa wa Edmonton, ni kama mmoja kati ya kumi aliyekuwa bado hajidungi kabisa. Tena kila mmoja wao alimeza dawa za kuzuia kinga ya mwili kila siku, dawa zinazofungua mlango kwa maambukizi na saratani na kuumiza figo. Juu ya hayo, mgonjwa mmoja mara nyingi alihitaji kongosho za watu wawili au zaidi. Watoaji hawatoshi hata Kanada, usiulize kwingine.

Hapo ndipo nguruwe anaporudi. Anazaa wengi kwa mpigo mmoja, anakua haraka, sukari ya damu yake haiko mbali na yetu, na insulini yake tunaijua. Tatizo ni kwamba mwili wetu nao unamjua. Juu ya seli za nguruwe kuna aina ya sukari ambayo sisi na nyani wa dunia ya kale tulikwisha kuipoteza, na kwa kuwa bakteria wa matumboni mwetu wanayo, tumejaa kingamwili dhidi yake tangu utotoni. Seli ya nguruwe ikigusa damu ya mtu inashambuliwa papo hapo, na damu inaganda kuizunguka. Kundi la Carl-Gustav Groth huko Stockholm liliwapandikizia wagonjwa kumi vijisiwa vya vijusi vya nguruwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika wagonjwa wanne, alama ya insulini ya nguruwe ilionekana kwenye mkojo kwa zaidi ya nusu mwaka, ushahidi kwamba baadhi ya seli zilikuwa hai. Kipimo cha sindano hakikupungua kwa yeyote.

Daktari wa watoto wa Auckland, Profesa Bob Elliott, aliifuata njia nyingine. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walikuwa wamewatibu panya kwa vijisiwa vilivyofungwa ndani ya vifuko vidogo sana vya alginati, ute unaotokana na mwani. (Siyo mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ule hutoa karajini. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi.) Kifuko kinafanya kazi ya chandarua: oksijeni, sukari na insulini hupita katika matundu yake, lakini seli za kinga, zilizo kubwa, hubaki nje. Kikifanya kazi sawasawa, mgonjwa hahitaji dawa za kuzuia kinga hata kidonge kimoja. Elliott alianzisha kampuni iitwayo Diatranz pamoja na David Collinson, mfanyabiashara ambaye mwanawe alikuwa na kisukari, na mwaka 1996 wakamjaza mwanamume wa miaka 41 vifuko vyenye vijisiwa vya watoto wa nguruwe, kupitia tundu dogo la tumbo.

Nitakaa kidogo kwa mgonjwa huyu, kwa sababu simulizi yake hunukuliwa nusu. Kabla ya upasuaji alikuwa anajidunga yuniti 53 kwa siku. Baada ya wiki 12 zilipungua kwa asilimia 30. Wanaoitangaza tiba hii huishia hapo. Wiki ya 49 alikuwa amerudi kwenye kipimo chake cha zamani. Wanaoipinga huishia hapo nao. Lakini kampuni haikumsahau, na miaka tisa na nusu baadaye madaktari walichungulia tena ndani ya tumbo lake. Walikuta vifuko vimetapakaa kwenye utando wa tumbo, vimepoteza uangavu. Walipotoa baadhi na kuvichunguza, ndani yake kulikuwa na seli zilizo hai, na zilipowekwa kwenye sukari nyingi zikatoa insulini kidogo. Kidogo mno kumsaidia mtu. Hata hivyo seli za nguruwe zilikuwa zimeishi karibu miaka kumi ndani ya binadamu asiyemeza dawa yoyote ya kuzuia kinga, wala hapakuwa na dalili kwamba alipata virusi vya nguruwe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007, na kwa maoni yangu hadi leo ndiyo habari yenye uzito kuliko zote katika fani hii, ushindi na kushindwa vikiwa ndani ya tumbo moja.

Virusi hivyo ndivyo vilivyokuwa vimesimamisha kazi ya Elliott. Nguruwe wote hubeba ndani ya jeni zao virusi vilivyorithiwa tangu zama za mababu zao, vinavyoitwa kwa kifupi PERV. Huwezi kuvisafisha kwa dawa wala kwa usafi wa zizi, maana ni sehemu ya nguruwe mwenyewe. Mwaka 1997 kundi la Robin Weiss huko London lilionyesha kwamba vinaweza kuambukiza seli za binadamu maabara. Dunia ilikuwa bado ina jeraha la UKIMWI, ugonjwa uliotoka kwa nyani ukaingia kwa watu, na hakuna serikali iliyotaka kuwa mlango wa janga la pili. New Zealand ikazuia majaribio. Mwaka 1999 uchunguzi wa watu 160 waliowahi kuguswa na tishu hai za nguruwe haukumpata hata mmoja mwenye maambukizi, lakini hofu ina masikio yake.

Ikitokea nchi moja imefunga mlango, kampuni hutafuta mlango mwingine. Diatranz ilielekeza macho Visiwa vya Cook, taifa dogo la Pasifiki, na serikali ya huko ilikuwa tayari kusikiliza. Wanasayansi wa nje walipiga kelele: nchi ndogo isiyo na chombo madhubuti cha kusimamia majaribio ingefuatiliaje wagonjwa kwa maisha yao yote? Mpango ukafa. Mexico, daktari Rafael Valdés-González, kwa ushirikiano na kampuni hiyo hiyo, aliwapandikizia vijana 12 vijisiwa vya nguruwe vikiwa pamoja na seli za korodani za nguruwe, zinazosaidia kutuliza kinga, ndani ya mirija midogo ya chuma chini ya ngozi. Mwaka 2005 aliripoti kwamba baadhi walipunguza sindano, na wachache waliziacha kwa muda. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hii kilimkosoa vikali kwa kuwatumia vijana kabla wanyama hawajatoa ushahidi wa kutosha. Nadhani kilikuwa sahihi. Mtoto wa miaka 12 hawezi kukubali, kwa akili yake mwenyewe, kuchunguzwa virusi hadi uzeeni. Msomaji wa Afrika Mashariki aliweke hilo moyoni, maana mlango unaotafutwa unaweza siku moja kuwa wetu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu Changsha, China, wakakubaliana kwamba majaribio ya namna hii yasifanyike katika nchi isiyo na usimamizi wa serikali unaofanya kazi.

Hofu hiyo ya maambukizi ndiyo iliyowapa nguruwe wa Invercargill kazi. Kampuni iliyoirithi Diatranz, Living Cell Technologies, iliwafuga katika majengo yaliyofungwa, hewa yake ikichujwa, wahudumu wakioga kabla ya kuingia. Vifuko vyao viliitwa Diabecell. Vilijaribiwa Moscow kuanzia mwaka 2007 kwa wagonjwa wanane. Kisha New Zealand kuanzia 2009, safari hii kwa ruhusa ya serikali, katika Hospitali ya Middlemore, kwa wagonjwa 14. Kisha Argentina kwa wanane. Kipimo kilianzia vijisiwa 5,000 kwa kila kilo ya mwili hadi 20,000, na hiyo ina maana ya watoto wa nguruwe wengi kwa mgonjwa mmoja.

Matokeo yake ni ya wastani, na uwastani huo una maana yake. Hakuna aliyeambukizwa PERV. Mashambulio ya sukari kushuka bila onyo yalipungua, na kwa mtu anayeogopa kulala peke yake hiyo siyo faida ndogo. Argentina, kundi lililopewa kipimo kikubwa lilidumisha wastani wa sukari chini ya asilimia 7 kwa zaidi ya siku 600. Lakini insulini ya sindano iliendelea kuwa ya lazima kwa karibu wote. Sababu haina fumbo. Seli ndani ya kifuko haina mshipa wa damu. Oksijeni inaifikia kwa kunyonywa polepole, na mwili unapofunika kifuko kwa kovu, hata hiyo kidogo inakatika. Chandarua kinachozuia adui kinazuia chakula pia. Kampuni baadaye ikageukia ugonjwa wa Parkinson.

Wengine waliacha chandarua wakamgeuza nguruwe mwenyewe. Nguruwe wasio na ile sukari inayotuchokoza walipatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Minnesota, kundi la Bernhard Hering liliripoti mwaka 2006 kwamba nyani wenye kisukari waliishi zaidi ya siku 100 kwa vijisiwa vya nguruwe, ila kwa dawa nzito za kuzuia kinga. Mwaka 2017 Luhan Yang, George Church na wenzao walionyesha nguruwe walio hai ambao PERV zao zote zimezimwa kwa kuhariri jeni. Hofu ya 1997 ikapata jibu, baada ya miaka 20. Halafu Januari 2022, Maryland, David Bennett alipewa moyo wa nguruwe mwenye jeni kumi zilizohaririwa, akaishi miezi miwili, na ndani ya moyo huo vikakutwa virusi vya kawaida kabisa vya nguruwe ambavyo vipimo havikuviona. Jeni zilikuwa zimehaririwa kwa ustadi. Zizi ndilo lililovuja. Waliowahi kumcheka Elliott kwa kwenda kutafuta nguruwe mwisho wa dunia walipaswa kukumbuka jambo hilo.

Swali la dini haliwezi kurukwa mbele ya wasomaji wa pwani. Mwaka 1995, mkutano wa wanazuoni na madaktari uliofanyika Kuwait ulijadili dawa zenye asili ya nguruwe na kuruhusu insulini yake kwa mgonjwa mwenye dharura, kwa masharti ya sheria. Msingi ni ule ule unaojulikana, kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Dharura ikikosekana, ruhusa nayo inakosekana; na maadamu insulini ya binadamu inapatikana dukani, mtu ana haki ya kuuliza kama seli za nguruwe ni dharura kweli. Kwa yule anayeanguka bila onyo jibu linaweza kuwa ndiyo. Kwa wengine wote silioni.

Na huenda swali lenyewe likapitwa. Juni 2025 kampuni ya Vertex iliripoti kuhusu seli za kongosho zilizokuzwa maabara kutoka kwa seli shina za binadamu: kati ya wagonjwa 12 waliopata kipimo kamili, kumi hawakuhitaji insulini baada ya mwaka mmoja. Bado wanameza dawa za kuzuia kinga. Mwaka huo huo watafiti wa Uppsala, Sweden, walimdunga mwanamume mmoja, msulini mwa mkono, vijisiwa vya binadamu vilivyohaririwa jeni visionekane na kinga, bila dawa yoyote, navyo vikatoa insulini, ingawa kwa kipimo kidogo cha jaribio. Njia hizi mbili zikikutana, nguruwe atakuwa amepoteza shindano kwa mshindani asiyekula. Mimi naona nafasi yake iliyobaki iko katika figo na moyo, viungo ambavyo bado havikuzwi maabara.

Kwa mwenye kisukari anayesoma sura hii, au mzazi wa mtoto mwenye kisukari: hakuna hospitali Afrika Mashariki inayotoa tiba ya seli za nguruwe, wala kidonge au unga wa kongosho la mnyama unaoweza kuchukua nafasi ya sindano ya insulini, kwa sababu insulini ikimezwa huyeyushwa tumboni kama nyama yoyote. Anayekuuzia kitu cha namna hiyo anakuibia. Usiache sindano yako hata siku moja kwa ahadi ya seli, na sukari yako ikianza kushuka bila wewe kuhisi dalili, mwambie daktari wako mapema, kabla ya kliniki ijayo.